Sura ya Saba: Pini Sita

Mzee Gaspard Lhoest alikuwa amekalia kreti ya bia iliyopinduliwa, nyuma ya lori la timu, na hakujisumbua kuinuka Inspekta Mariette Warnimont alipoingia uani mwa hoteli. Miaka arobaini ya kutengeneza baiskeli za watu wengine ilikuwa imemwachia mgongo mbovu na mdomo mchungu.

"Umekuja kunichukua?" aliuliza.

"Nimekuja kuangalia baiskeli, mzee wangu. Mwendesha mashtaka anakutaka saa kumi. Sasa hivi ni saa tatu na nusu asubuhi."

"Basi angalia wewe, maana yeye hataangalia. Meneja ameshamjaza maneno kwamba nilisahau kukaza skrubu. Mimi! Nisahau skrubu!"

Hiyo ndiyo ilikuwa habari ya mji tangu jana. Jana, Jumatano, Lambert Noirhomme, mtoto wa hapohapo Vieuxpré, bingwa mara tatu wa Mbio za Vilima Tisa, alikuwa akiteremka kilima cha saba kwa kasi ya gari usukani wa baiskeli yake ulipoinama ghafla kama kichwa cha mtu aliyesinzia. Alikwenda kujibamiza kwenye ukuta wa mawe wa zizi la ng'ombe. Alikuwa amelala hospitali ya Liège bila fahamu, na kabla hata watu hawajala chakula cha jioni, timu ilikuwa imetoa tangazo: kosa ni la fundi, na fundi amefukuzwa. Mwendesha mashtaka naye akiandika hivyo hivyo, Gaspard angeburutwa mahakamani katika uzee wake, na jina lake lingekufa katika kila banda la baiskeli, kutoka Liège mpaka Bastogne.

Baiskeli yenyewe ilining'inia kwenye stendi, utepe wa polisi umeizunguka, na askari mmoja akiilinda huku anatafuna mkate wa jibini. Mariette akainama. Skrubu nne ndogo zilibana usukani kwenye shingo yake, na juu ya kila skrubu palikuwa na mstari mwekundu.

"Hii ni nini?"

"Rangi ya kucha. Ya marehemu mke wangu. Aliniachia chupa kumi na moja, Mungu amrehemu, na mimi sina kucha za kupaka." Mzee aliinuka hatimaye, akakohoa, akasogea. "Nikishakaza kwa spana ya kipimo, napiga mstari. Nusu juu ya skrubu, nusu juu ya chuma. Skrubu ikizunguka hata unywele, mstari unakatika. Tazama hizi mbili za kulia."

Mistari ya zile za kulia ilikuwa mizima. Ya zile za kushoto ilikuwa imekatika, nusu moja ya mstari imeenda huku, nusu nyingine imebaki kule.

"Mtikisiko wa barabara hauwezi kuzilegeza?"

"Kama hazikukazwa, unaweza. Ndipo meneja anaponichekea hapo. Anasema nilipaka rangi bila kukaza, kwa mazoea. Mimi najua nilikaza Jumanne saa kumi na moja jioni. Lakini nitamwonyesha nani?"

"Baada ya hapo baiskeli ililala wapi?"

"Chumba namba saba, na mwenyewe. Mbio nyingine zote baiskeli zinalala kwenye lori, kufuli mbili. Hizi za nyumbani, Lambert analala na yake, ameiegemeza ukutani karibu na kichwa. Tangu ujana wake. Mkewe anaiita mke mwenza."

"Na nani mwingine alikuwa chumbani?"

"Mdogo wake, Ghislain. Wanalala chumba kimoja miaka kumi na moja. Mkewe aliingia jioni. Na yule Maxence, aliyeshinda, aliingia sijui kuomba nini." Gaspard alipangusa mikono ambayo haikuwa na uchafu. "Hao wawili wa Noirhomme nimewalea mimi kwenye banda langu. Baba yao alikuwa mtu wa chupa. Baiskeli ilikuwa moja, wanaipanda kwa zamu. Lakini siku zote ukiwakuta njiani, Lambert kapanda, Ghislain anasukuma."

Mariette aliandika hayo yote, pamoja na chupa kumi na moja.

*

Clarisse Noirhomme alikuwa kwenye ukumbi wa chakula wa hoteli, mbele ya kahawa iliyopoa, na mfuko wa plastiki wa hospitali magotini. Alikuwa amekuja kuchukua nguo safi za mumewe. Kucha zake zilikuwa nyekundu, wekundu uleule wa mistari ya Gaspard, na Mariette alijilazimisha kutozikodolea macho.

"Jumanne jioni mhudumu alikusikia ukipiga kelele chumba namba saba," alisema. "Ulisema, natamani hiyo baiskeli ivunjike vipande viwili."

"Nilisema vipande vinne," Clarisse alijibu. "Huyo mhudumu kanipunja."

"Kwa nini?"

"Umeolewa, Inspekta?"

"Miaka ishirini na sita."

"Basi kwa nini unaniuliza? Kila Aprili mume wangu anakufa. Hali, hasemi, hanitazami. Anatazama kilima. Mwaka jana nilijifungua mtoto Aprili, akaja wodini kambeba mtoto mkono mmoja, mkono mwingine kashika simu, anaangalia upepo utavuma kutoka wapi Jumatano. Alikuwa ameapa hii ndiyo ya mwisho. Jumanne akaniambia labda na ya mwakani. Nikaropoka. Ningeweza kuipiga teke ile baiskeli. Kweli nimeipiga teke. Gurudumu la nyuma. Lakini skrubu mimi najua wapi?"

Mariette alimwamini, na hakufurahi kumwamini, kwa sababu kucha nyekundu zingemrahisishia kazi. Tena kulikuwa na jambo lake mwenyewe. Mumewe, Désiré, alikuwa fundi bomba mtulivu miezi kumi na moja ya mwaka. Ikifika Aprili alitoweka na kiti cha kukunja, chupa ya supu na koti la mvua, akaenda kusimama siku nzima kwenye Kilima cha Masista, kilima cha tisa, kungoja watu wapite kwa dakika mbili. Siku ya kumbukumbu ya ndoa yao iliangukia wiki hiyohiyo. Mariette alikuwa amekula keki ya kumbukumbu peke yake mara nyingi kuliko alivyopenda kukumbuka. Alikionea wivu kile kilima, na hakuna mtu aliyewahi kumwambia mwanamke afanye nini na wivu wa namna hiyo.

"Humo kuna nini?" aliuliza, akiuonyesha mfuko.

"Jezi yake. Waliikata kwa mkasi." Clarisse aliitoa taratibu, akaitandaza mezani kati ya vikombe. "Walimpa namba kumi na tatu mwaka huu, vitambaa viwili vya kubandika mgongoni. Nilimpigia magoti. Nikamwambia, Lambert, fanya kama wenzako, moja ibandike kichwa chini miguu juu, nuksi imwagike. Alinicheka. Hajawahi kugeuza. Miaka minne iliyopita alipewa hiyohiyo, akazivaa zote mbili wima, akashinda, na tangu hapo hakuna wa kumwambia…"

Mgongoni mwa jezi, upande wa kulia, kumi na tatu ilikuwa imesimama sawasawa. Upande wa kushoto ilikuwa kichwa chini.

"Kumbe aligeuza," Clarisse alisema. Akaweka viganja vyake juu ya ile namba na kuanza kulia kwa sauti. "Aligeuza! Kwa ajili yangu. Hakuniambia tu, mjinga yule. Kanisikia!"

Mariette alimwacha alie. Yeye alikuwa anahesabu. Namba ya kulia ilishikwa na pini nne, moja kila pembe. Ya kushoto ilikuwa na pini sita: nne za pembeni, na mbili katikati zilizopishana.

"Mama," alisema kwa upole, "nitaomba nikae na jezi hii mpaka jioni."

*

Alimpigia Désiré akiwa kwenye ngazi za hoteli.

"Wewe jana asubuhi ulikuwa uwanjani, waendeshaji walipokuwa wanasaini kabla ya mbio?"

"Kwani nimeua mtu?" Désiré aliuliza. "Nilikuwepo. Nilikuambia. Hukusikiliza, ulikuwa umenuna."

"Nilikuwa nakula keki. Ulipiga picha?"

"Mia na arobaini."

"Mungu wangu. Za Lambert, akiwa amekupa mgongo?"

"Mke wangu, za Lambert ninazo za mgongo, za ubavu, na moja ya sikio." Sauti yake ilichangamka, kisha ikashuka. "Mariette, sikupata usingizi. Unajua kwa nini watu tunakwenda kule? Kwa saa sita wanatesana, vilima vinawapukutisha mmoja mmoja, halafu mita mia nne za mwisho hakuna tena wa kujificha nyuma ya mwenzake. Unamwona mtu kama alivyo. Nilikuwa namngoja yeye pale. Akatokea yule dogo."

"Tuma picha, Désiré."

Picha ilifika. Lambert jukwaani, anasaini kitabu, watu wamejaa mpaka kwenye madirisha ya duka la mkate. Saa nne na dakika kumi. Namba mbili za kumi na tatu, zote wima, pini nne na nne. Mbio zilianza saa nne na nusu, kwa mvua nyepesi, na Lambert alianza akiwa na koti jeusi la mvua, akabaki nalo hadi karibu na kilima cha saba. Hakuna aliyeuona mgongo wake tena mpaka alipokuwa chini.

Kwa hiyo kuna mtu aliigeuza namba ya kushoto ndani ya dakika ishirini, akiwa amesimama nyuma yake.

*

Mshindi wa mbio, Maxence Thonnard wa timu hiyohiyo, miaka ishirini na mitatu, alipatikana kwenye baa ya hoteli akinywa soda peke yake, shada la ushindi limelala kwenye kiti cha pembeni. Hakuna aliyekuwa amemkaribia kumpa mkono.

"Najua mnachofikiri," alisema kabla Mariette hajakaa. "Nani kafaidika? Maxence. Nani aliingia chumbani? Maxence. Basi nifungeni, angalau gazeti litaandika jina langu."

"Hawakuandika?"

"Waliandika, 'Lambert aanguka.' Mimi niko ukurasa wa nne, chini ya bei ya ng'ombe." Alicheka bila furaha. "Unajua nilivyoshinda, mama? Mita mia nne za mwisho, mapafu yananitoka, nainamisha kichwa, naona nini barabarani? Rangi nyeupe. LAMBERT. LAMBERT. LAMBERT. Wamelipaka jina lake lami nzima. Nimeshinda mbio kubwa kuliko zote za maisha yangu kwa kulikanyaga jina la mtu, na watu waliokuwa pembeni wanalia."

"Ulimwonea wivu."

"Nani hakumwonea? Wewe nitajie mmoja."

"Chumba namba saba ulifuata nini?"

"Pini. Zangu zilipotea. Lambert alikuwa anaoga. Ghislain akanipa." Maxence alikunja uso akikumbuka. "Ghislain anatembea na pini kama fundi cherehani. Kazipanga kwenye pindo la jezi, kazipanga kwenye soksi. Tunamtania, tunamwita Shangazi. Nilikaa dakika moja nikatoka. Baiskeli sikuigusa. Ningeigusa ya nini? Nilijua siwezi kumshinda, nilikuwa nataka tu nafasi ya pili, nyuma yake."

"Naomba jezi yako ya jana."

Pini nne, na nne. Kabla ya saa nane Mariette alikuwa amepita vyumba vyote vya timu na kuhesabu jezi za wengine watano. Nne, nne, kila mmoja. Kisha akapanda ghorofani.

*

Ghislain Noirhomme alikuwa anakunja nguo za kaka yake. Alikuwa mwembamba kuliko Lambert, na sura ileile, ila ya Ghislain mtu angeisahau mlangoni. Jezi yake, namba kumi na saba, ilikuwa inakauka kwenye kipasha joto. Mariette aliitupia jicho moja tu.

"Amefungua macho?" Ghislain aliuliza.

"Bado. Kaa." Alimpa karatasi. "Jana usiku ulisaini maelezo. Nisomee mstari wa mwisho."

"'Tangu tulipotoka chumbani saa tatu asubuhi mpaka alipoanguka, sikumgusa kaka yangu wala kitu chake.'"

"Ni kweli?"

"Ndiyo."

"Nani alikuuliza kama ulimgusa?"

Ghislain aliikunja karatasi mara mbili.

"Nimeyasoma maelezo ya wenzako wote," Mariette alisema. "Hakuna mwingine aliyesema hakumgusa. Haikumjia hata mmoja wao akilini." Akaitandaza ile jezi iliyokatwa kitandani. "Hesabu pini. Kulia."

"Nne."

"Kushoto."

"Sita."

"Sasa geuka uhesabu zako."

Hakugeuka. "Namba ikipepea kwenye mvua inakula upepo," alisema polepole. "Mzee Gaspard alinifundisha kuweka mbili katikati. Lambert hakujali. Alisema upepo wenyewe unamwogopa."

"Saa nne na dakika kumi zilikuwa wima zote mbili, nina picha. Wewe ulimgeuzia."

"Nilimwambia namba inachomoka, namrekebishia. Alikuwa anaongea na watoto, hakugeuka. Nilimtolea nuksi kaka yangu. Ni kosa?"

"Si kosa. Miaka minne iliyopita alivaa kumi na tatu, na wewe ulikuwa nyuma yake vilevile. Ulimgeuzia?"

"Hapana."

"Jana ulijua nini ambacho mwaka ule hukujua?"

Kwenye uwanja nje kengele ya kanisa ilipiga saa nane. Ghislain aliikunja soksi moja, akaikunjua, akaikunja tena.

"Skrubu mbili," alisema. "Nusu mzunguko. Jumanne, alipokuwa anaoga, baada ya Maxence kutoka."

Mariette alichukua kalamu.

"Sikutaka aanguke. Sikiliza, mama, wewe huelewi kilima. Kilima cha saba ni kikali, mtu anasimama kwenye pedali anauvuta usukani kwa nguvu zote, na mwendo ni wa mtu anayetembea. Ungemlegea palepale mkononi. Angetukana, angeshuka, angengoja baiskeli nyingine. Nusu dakika. Mimi nilitaka nusu dakika yangu. Basi."

"Ikawaje?"

"Akapanda amekaa." Sasa sauti ya Ghislain ilianza kutetemeka, na haikuwa huzuni tu iliyokuwa ndani yake. "Miaka kumi na moja nafuata mgongo ule, na sijawahi kumwona anapanda kilima cha saba amekaa. Hakuvuta. Hakuhitaji kuvuta! Wote tunahema kama mbwa, yeye amekaa anatazama ng'ombe. Alikuwa mzima kiasi hicho. Usukani ukatulia mpaka mteremkoni, mpaka alipofunga breki na kuulalia kwa uzito wake wote. Hata hilo alinishinda."

"Kwa nini mwaka huu?"

"Aliniahidi. Krismasi, mbele ya mama. 'Mdogo wangu, Aprili ni yako, mimi nitakubebea chupa.' Nilifanya mazoezi wakati wa theluji. Daktari wa timu akasema sijawahi kuwa hivi, na hakuna aliye hivi. Jumatatu kwenye kikao Lambert akanipiga begani. 'Moja ya mwisho tu, dogo.' Mbele ya watu. Na mimi nikacheka, nikasema sawa, kaka." Akajishika kooni. "Nimempa magurudumu yangu. Nimempa koti langu kwenye baridi. Nimebeba chupa zake mpaka mgongo ukachubuka. Kuna siku nilimpa baiskeli yangu nzima nikabaki nimesimama shambani. Wivu ukanikaa hapa, haupandi haushuki."

"Na asubuhi ukaogopa."

"Nilimwona anasaini, watu wanaimba jina lake, nikasema ngoja, ni nusu dakika tu, haimuui. Halafu nikaziona zile kumi na tatu mbili, zote wima."

"Ulikuwa na spana mfukoni?"

"Huwa ninayo."

"Baiskeli yake ilikuwa wapi?"

"Nimeishika mimi. Nilikuwa namshikia."

Mariette aliweka kalamu chini. Alikuwa amesikiliza wauaji, wezi na waongo wa kila aina, na kwa kawaida hakuwakasirikia. Huyu alimkasirisha mpaka masikio yakawaka moto.

"Kwa hiyo mkono mmoja umeishika baiskeli, na spana unayo. Ungeikaza kwa kuhesabu mpaka kumi. Wewe ukachukua pini."

"Ndiyo," Ghislain alisema. "Nilichukua pini."

Aliendelea bila kuulizwa. "Alipoanguka, kwenye redio ya sikioni meneja alikuwa anapiga kelele, nenda, Ghislain, nenda, leo ni yako. Sijawahi kuwa na miguu kama ile. Nikashuka. Nikamshika kichwa mpaka gari la wagonjwa likaja."

"Na mzee Gaspard? Jana walimfukuza mbele yako."

"Ningesema. Lambert akiamka, ningesema."

"Na asipoamka?"

Ghislain aliitazama jezi ya kaka yake, akanyoosha kidole na kuilaza sawa pini moja iliyokuwa imesimama.

*

Saa kumi kasoro robo mzee Gaspard alikuwa tayari uani. Alikuwa amenyoa, amevaa koti lake la kanisani, na mkononi ameshika ile spana ya kipimo, ameiviringisha kwenye kitambaa safi. Gari la polisi lilikuwa limesimama karibu naye, milango ya nyuma wazi.

"Nimeileta," alimwambia Mariette kutoka mbali. "Nitamwonyesha huyo bwana mkubwa jinsi inavyolia ikifika kipimo. Haiwezi kudanganya hii. Mimi sikusahau, mwanangu. Watanifunga, lakini sikusahau."

"Huendi popote, mzee. Ulikaza. Kuna mtu alizilegeza baadaye, na amekiri. Nimeshampigia mwendesha mashtaka, na timu watalifuta tangazo lao leo hii."

Uso wote wa Gaspard ukafunguka. Alikibusu kile kitambaa na spana iliyokuwa ndani yake. "Nilisema!" akamwambia yule askari wa mkate wa jibini. "Nilisema au sikusema?"

"Ulisema, mzee."

"Nani?" Gaspard aliuliza, bado anacheka. "Ni yule dogo, eh? Maxence?"

Jezi ilikuwa mkononi mwa Mariette, ndani ya mfuko mwangavu, mgongo umeelekea nje. Alikumbuka kuuficha akiwa amechelewa. Mzee alisogea hatua moja, akainamisha kichwa karibu na plastiki, na midomo yake ikaanza kuhesabu bila sauti. Ilifika nne. Ikaendelea.

Kicheko kilibaki usoni mwake muda mfupi baada ya yeye mwenyewe kuondoka humo.

"Nilimwambia mbili katikati," alisema. "Alikuwa na miaka saba."

Alikaa juu ya kreti. Akakaa hapo kwa muda mrefu, spana magotini, mpaka Mariette akafikiri amwite daktari. Kisha mzee akainua macho.

"Inspekta. Hiyo mistari niliipaka bila kukaza."

"Mzee Gaspard."

"Nimekumbuka sasa. Simu ililia, nikaenda kuipokea, niliporudi nikapaka rangi tu. Mazoea. Nina miaka sitini na minane, mikono inatetemeka, angalia." Aliinyoosha. Haikuwa inatetemeka hata kidogo. "Andika hivyo."

"Siwezi kuandika hivyo."

"Tangu asubuhi hakuna mtu aliyetaka kuandika kitu kingine! Wote mlikuwa mnataka hilo. Sasa nawapa. Andika, mwanangu. Nilisahau."

Mlango wa hoteli ulifunguka na askari wawili wakatoka na Ghislain katikati yao. Hakuwa amefungwa pingu. Alipomwona mzee, alisimama. Gaspard hakumtazama. Aliinuka kwa shida, akafunga vifungo vya koti lake la kanisani kimoja kimoja, akapita mbele yao wote na kuingia ndani ya gari la polisi. Akakaa kiti cha nyuma, spana mapajani, akijishikilia kwa mkono mmoja kwenye mlango.

"Twendeni," alimwambia dereva. "Saa kumi imefika."

Iliwachukua askari wawili muda mrefu kumwachisha mlango. Walimtoa taratibu, wakimwita baba, wakamsimamisha pembeni, na Ghislain akaingia kukaa pale alipotoka.